Enryaku-ji, hekalu la juu ya mlima Hiei: nendeni, ila msiishie jengo la kwanza

Wadau, kuna watu kibao wananiuliza kama kuna haja ya kupanda mlima Hiei wakati Kyoto kwenyewe mahekalu yamejaa kila mtaa na siku za kukaa ni chache, jibu langu ni ndiyo, tena ndiyo ya nguvu. Mgeni wangu kutoka nyumbani akiniambia ana siku moja tu ya kuona hekalu Japani, simpeleki Kinkaku-ji lile la dhahabu ambalo kila mtu anasimama foleni apige picha ile ile, nampeleka Enryaku-ji. Nampa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu iliyokosekana ntaieleza huko mbele na sababu yake ni usafiri wa ndani ya mlima basi, mengine yote sina cha kulalamikia.

Kwanza muelewe hiki ni kitu gani, maana wengi wanakwenda wakitegemea jengo moja zuri lenye bustani na kibanda cha tiketi, wanaingia wanazunguka nusu saa wanatoka. Enryaku-ji ni mlima mzima. Majengo yametawanyika msituni kwenye kanda tatu, Todo upande wa mashariki, Saito magharibi, na Yokawa kule kaskazini mbali kabisa, na katikati ya hayo yote ni miti ya sugi mirefu mno, mingine watu watatu mkishikana mikono ndio mnaizunguka. Mlima una mita 848 na uko mpakani mwa Kyoto na mkoa wa Shiga, kwa hiyo upande mmoja unaliona jiji na upande wa pili unaliona ziwa Biwa lote limelala pale chini, ziwa kubwa kuliko yote Japani.

Aliyeanzisha ni mtawa anaitwa Saicho, alijenga kibanda chake cha ibada huku mwaka 788, yani miaka sita kabla Kyoto haijafanywa mji mkuu. Mji ulipohamia pale mwaka 794 ikaonekana mlima upo kaskazini mashariki, na kwa imani ya wakati ule huo ndio upande ambao mabaya huingilia, basi hekalu likachukuliwa kuwa ndio mlinzi wa mji. Saicho akaenda China mwaka 804, akarudi mwaka uliofuata na mafundisho ya Tendai, dhehebu la Kibudha la huko, akafariki 822, na jina la Enryaku-ji lilikuja kutolewa na mfalme mwaka uliofuata yeye akiwa hayupo tena. Halafu sasa hapa ndipo ilipo uzito wa sehemu hii: Honen, Shinran, Eisai, Dogen, Nichiren, wote hao walioanzisha madhehebu makubwa ya Kibudha ya Japani walipita mlima huu wakiwa vijana, walisoma hapa, wengine wakaondoka kwa kutoridhika wakaenda kuanzisha njia zao. Ndio maana Wajapani wenyewe wanauita mlima mama wa Ubudha wa nchi yao.

Kufika. Njia ni mbili kubwa na mimi nina upande wangu. Ya kwanza ni kutokea Kyoto mjini, unapanda treni ndogo ya Eizan kutoka Demachiyanagi mpaka Yase-Hieizanguchi, hapo unaingia kwenye kebo ile ya kuvutwa na waya juu ya reli, halafu unahamia ropuwei ya kuning'inia hewani, ukishuka bado unachukua basi. Ni nzuri kwa mandhari lakini ni kubadilisha badilisha kwingi. Ya pili, ambayo ndio naipigia debe, ni kupitia upande wa ziwa: unachukua treni ya JR laini ya Kosei kutoka stesheni ya Kyoto mpaka Hieizan-Sakamoto, kama dakika 15 hadi 20 tu, unatembea kupanda mji mdogo wa Sakamoto, unapanda kebo ya Sakamoto. Hii kebo ilianza kazi mwaka 1927 na reli yake ina urefu wa mita 2,025, ndiyo ndefu kuliko zote Japani za aina hiyo, inakwenda dakika 11 hivi na inapita kwenye mahandaki na msitu mnene, kaeni upande wa dirisha la nyuma muone ziwa linavyofunguka taratibu kadiri mnavyopanda. Stesheni ya juu ni jengo lile lile la zamani, ghorofa ya juu kuna sehemu ya kutazama ziwa, watu wengi wanaipita mbio kuwahi hekaluni, nyinyi pandeni mtazame kwanza. Kutoka hapo mpaka lango la Todo ni kutembea kama dakika 10 njia tambarare.

Pia yapo mabasi ya moja kwa moja kutoka stesheni ya Kyoto, zaidi ya saa moja barabarani, kwa wenye wazee au watoto wadogo hilo ndilo bora.

Tiketi wakati naenda ilikuwa yen 1,000 kwa mtu mzima na hiyo hiyo moja unaingilia kanda zote tatu, kwa hiyo itunzeni msiitupe mkitoka Todo. Jumba la hazina ambamo kuna sanamu za kale mnalipia kando. Bebeni hela taslimu, sarafu haswa, sio kila mahali huko juu kadi inakubalika.

Sasa Todo ndiko liliko jengo kuu, Konponchudo, na hapa nataka nikae kidogo maana ndipo watu wanapokosea kwa kuharakisha.

Mwaka 2016 walianza ukarabati mkubwa wa Konponchudo, kazi iliyopangwa kuchukua takriban miaka 10, kwa hiyo nilipofika jengo lote lilikuwa limefunikwa na banda kubwa la vyuma, kwa nje hulioni kabisa. Nimeona watu wanafika pale, wanaona vyuma, sura zinaanguka, wanageuza. Jamani msigeuze! Ndani mnaingia kama kawaida, na hao mafundi waliweka ngazi na jukwaa ambalo mgeni anapanda mpaka usawa wa paa kuona jinsi wanavyobandua shaba ya zamani na kurudisha nyingine, na paa za mbao za korido za pembeni zinavyopangwa kipande kwa kipande. Jengo hili la sasa lilisimamishwa mwaka 1642 kwa amri ya shogun, yani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Iemitsu, na mtu wa kawaida kulikaribia paa lake hivyo ni nafasi ambayo vizazi vingi havikuipata. Mimi nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga namtazama fundi mmoja mzee anapima ubao, anaupapasa na kidole gumba, anaurudisha, anachukua mwingine, anaupapasa tena, hana haraka hata chembe.

Ndani mnavua viatu, mnaweka kwenye mfuko au rafu, halafu mnatembea kwenye mbao zilizosuguliwa na magoti na soksi za watu kwa karne kadhaa mpaka zinang'aa. Mkienda kipindi cha baridi vaeni soksi nzito maana ile sakafu inapenya mpaka mfupani. Picha ni marufuku ndani, na heshimuni hilo. Mnakaa chini na waumini wengine mnatazama mbele kwenye giza, na macho yakizoea ndio mnagundua kwamba pale mbele yenu sakafu imekatika, sehemu ya watawa ya kufanyia ibada iko chini karibu mita tatu, sakafu ya mawe, mmekaa ukingoni mwa kisima kikubwa cha giza na kutoka ndani yake zinapanda sauti za kusoma sutra, maandiko ya Kibudha, na moshi wa ubani. Halafu ng'ambo ya hilo shimo madhabahu imeinuliwa tena mpaka iwe sawa kabisa na macho yako wewe uliyekaa. Waliojenga walikusudia hivyo, kwamba Budha na mtu wa kawaida aliyekuja kuomba wakae usawa mmoja, hakuna anayemtazama mwenzake kutokea juu. Budha mwenyewe hapa ni Yakushi, wa uponyaji, ndio maana utaona watu wengi wameleta shida za wagonjwa wao, na sanamu yenyewe ambayo inasemekana Saicho aliichonga kwa mkono wake imefichwa ndani ya kabati lililofungwa.

Mbele ya hilo kabati zinaning'inia taa tatu. Hizo ndizo zile taa ambazo moto wake unasemekana haujazimika tangu Saicho alipouwasha, zaidi ya miaka 1,200. Ni mwanga mdogo tu, wa njano, na kila siku watawa wanaongeza mafuta kwa zamu. Hamna mtambo, hamna waya, ni mtu anakumbuka kuongeza mafuta leo na kesho anakumbuka tena.

Na usifikiri moto huo ulikaa salama muda wote. Karne za kati watawa wa Hiei walikuwa na silaha na jeshi lao, walikuwa wanashuka mjini kushinikiza wafalme, hili wala halifichwi ni historia inayojulikana. Mwaka 1571 mbabe wa vita Oda Nobunaga, ambaye alikuwa anapigana na koo za Asai na Asakura na akaona mlima umewaunga mkono maadui zake, akauzingira akauchoma wote kuanzia chini mpaka juu, majengo yakateketea, na watu waliouawa walikuwa wengi sana, watawa kwa raia, wanawake na watoto. Taa zikazimika na zenyewe. Kilichookoa ni kwamba huko nyuma moto ule ulishagawiwa kwa hekalu lingine la mlimani, Risshaku-ji kule Yamagata kaskazini mwa Japani, basi mlima ulipoanza kujengwa upya wakaenda kule wakauomba, ukasafirishwa kurudi. Kwa hiyo unaotazama pale Konponchudo ni moto uliokwenda ugenini ukarudi nyumbani. Kwangu mimi hadithi hii ina thamani kuliko kama wangesema haukuwahi kuguswa, maana inaonyesha watu walijua kinachowaka sehemu moja kinaweza kupotea, wakakiweka na kwingine.

Mkitoka hapo mbele kuna ngazi za mawe zenye mwinuko mkali zinazopanda kwenye Monju-ro, lango la ghorofa, mnaweza kuingia ndani ila ngazi zake zimesimama wima, mwenye goti bovu aache tu. Ukumbi mkubwa wa mihadhara, Daikodo, muingie kwa sababu ya sanamu na picha za wale waanzilishi niliowataja, wamepangwa wote chini ya paa moja wakati nje huko wafuasi wao wana mahekalu tofauti tofauti. Nje ya ukumbi kuna kengele kubwa ya shaba, mnatia sarafu mnaivuta ile gogo mnaigonga, na mlio wake unakwenda mbali bondeni kabisa, watoto wanaipenda sana hii. Amida-do na ule mnara mwekundu wa pembeni yake ni majengo ya karne ya 20, mazuri kwa picha, mnapita.

Na hapa ndipo asilimia kubwa ya wageni wanaondoka. Wanaona wameshamaliza. Naombeni sana, msiondoke.

Chukueni njia ya miguu ya kwenda Saito. Ni kama dakika 20 hadi 30 mkitembea polepole, ngazi za kushuka nyingi, pembeni taa za mawe na msitu. Katikati ya njia mtakuta Jodo-in, kaburi la Saicho, na kama mnaniuliza sehemu moja iliyonishika kuliko zote mlima mzima ni hii. Hapa kuna mtawa mmoja anayekaa miaka 12 bila kushuka mlimani, kazi yake ni kumhudumia Saicho kama vile yupo hai, anampelekea chakula, anasali, anafagia. Miaka 12! Haendi harusi haendi msiba. Na kufagia kwenyewe kunajulikana nchi nzima kwa ukali wake, hairuhusiwi jani likae chini, wakati pale ni msituni, majani yanadondoka muda wote. Nilipoingia uani nilikuta changarawe nyeupe imepitiwa na ufagio, mistari imenyooka sambamba kutoka ukutani mpaka kwenye ngazi, na kwenye kona ambapo mzizi wa mti umejitokeza mistari imejikunja kuuzunguka kwa uangalifu, hakuna aliyeona usumbufu wa kupinda ufagio kwa ajili ya mzizi. Jani moja lilidondoka nikiwa nimesimama. Mama mmoja wa Kijapani aliyekuwa pembeni yangu akainama akaliokota akaliweka kwenye mfuko wa koti lake, hakusema kitu, akainamisha kichwa kuelekea kaburini akaenda zake.

Kwenye Jodo-in hamna duka, hamna kiingilio cha ziada, hamna wa kuwaelekeza. Ongeeni kwa sauti ya chini na msikanyage ile changarawe nje ya njia.

Mbele kidogo Saito yenyewe, mtaanza na Ninaido, kumbi mbili pacha zilizounganishwa na korido ya mbao, na wanasimulia kwamba Benkei, yule mtawa shujaa mwenye nguvu za ajabu, aliingia chini ya hiyo korido akazibeba kumbi zote mbili begani. Katika ukumbi mmoja kati ya hizo kuna zoezi la kuizunguka sanamu ya Budha aitwaye Amida siku 90, mtawa anatembea na kutaja jina lake usiku na mchana, hakai hovyo, halali kwa kujilaza. Mkikuta milango imefungwa na kuna kibao, nyamazeni, inawezekana kuna mtu yumo ndani anafanya. Mkishuka ngazi kuna Shakado, jengo kongwe kuliko mengine yote mlimani, na sababu ya kuwa kongwe ni kwamba halikuwepo hapa wakati wa ule moto, lilikuwa hekalu la Miidera kule chini karibu na ziwa na Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyemfuatia Nobunaga, ndiye aliyeamuru lihamishiwe huku miaka ya 1590. Ni tulivu sana hapa, siku za katikati ya wiki mnaweza kuwa wenyewe tu.

Nikisema mlima huu bado uko kazini namaanisha hivi. Mmeshasikia labda habari za watawa wanaokimbia mlimani? Ni hawa. Zoezi linaitwa kaihogyo, siku 1,000 zilizogawanywa kwa miaka saba, mtawa anaamka usiku wa manane anavaa nguo nyeupe na viatu vya nyasi, anatembea kilomita 30 hivi mlimani akisimama na kuomba kwenye mamia ya vituo, mti huu, jiwe lile, chemchemi ile. Akifikisha siku 700 anaingia ndani ya ukumbi siku tisa bila kula, bila kunywa maji, bila kulala na bila kujilaza. Akitoka hapo bado mwaka wa saba kuna siku 100 ambazo kila siku ni kilomita 84, anashuka mpaka mjini Kyoto kubariki watu na kurudi. Tangu mlima ulipochomwa na Nobunaga waliomaliza ni kama 50 tu. Mtawa Sakai Yusai, aliyefariki mwaka 2013, alimaliza mara mbili. Makao ya zoezi hili ni bonde la Mudoji, kutoka stesheni ya juu ya kebo kuna njia inashuka kwenda huko, wageni wachache sana wanaifuata, kama miguu inaruhusu na muda upo shukeni muone, ila kumbukeni mlichoshuka mtakipanda.

Yokawa ni mbali, karibu kilomita 4 kutoka Saito, hiyo chukueni basi. Jengo la rangi nyekundu linalokaa juu ya nguzo, Yokawa Chudo, la zamani liliungua kwa radi mwaka 1942 na hili la sasa ni la mwaka 1971, kwa hiyo kwa wapenda mbao za kale halitawagusa sana. Mimi nilikwenda kwa ajili ya ukumbi wa Ganzan Daishi, mtawa Ryogen aliyefariki 985. Huyu ndiye anayehesabiwa kuwa chanzo cha omikuji, vile vikaratasi vya bahati ambavyo Wajapani wanavichukua mahekaluni kote. Na pia ana picha yake ya ajabu, ana pembe mbili kichwani na mbavu zimetoka nje: inasimuliwa kwamba tauni ilipoingia mjini alikaa mbele ya kioo akatafakari mpaka sura yake ikabadilika kuwa hiyo, wanafunzi wake wakaichora, ikachapishwa na watu wakaibandika milangoni kuzuia ugonjwa usiingie. Karatasi hizo mpaka leo zinauzwa pale na ukitembea mitaa ya zamani ya Kyoto na Sakamoto ukiangalia juu ya milango utaziona. Kipindi cha corona zilitafutwa tena kwa wingi.

Wale wenye kusitasita kwa sababu ya dini, niseme hili. Mimi nilikwenda na dada mmoja wa Tanga, Muislamu wa swala tano, alikuwa na wasiwasi kama ni sawa kuingia. Hakuna aliyemlazimisha kuinama wala kuchoma ubani, unaweza kukaa pembeni kwa heshima ukatazama, na mavazi yake hayakumshtua mtu. Na mlima huu wenyewe ulishakaribisha watu wa dini nyingine kwa upana, mwaka 1987 viongozi wa dini mbalimbali duniani, Waislamu na Wakristo wakiwemo, walikusanyika hapa kuombea amani, mwaka mmoja baada ya mkutano wa dini wa Assisi, Italia, wa Papa Yohane Paulo wa Pili, na mpaka sasa kila Agosti ibada hiyo ya amani inafanyika.

Chakula. Hapo juu kuna Enryaku-ji Kaikan, nyumba ya wageni ya hekalu lenyewe, wanapika mlo wa kitawa, shojin ryori: hamna nyama, hamna samaki, hamna mayai, hata vitunguu na saumu hawatii. Mnaletewa sinia lenye vibakuli vidogo vidogo, tofu ya ufuta laini, mboga za kuchemsha, tempura ya mboga, na yuba, ule utando unaovuliwa juu ya maziwa ya soya yakichemka, Hiei wanasifika nao. Mwenye kuzoea pilipili na nazi ataona ladha ziko chini, lakini mpe ulimi muda, ile tofu ya ufuta ina utamu wa ndani kabisa. Kwa Waislamu, kukosa nyama haitoshi kusema mambo yote shwari, mapishi mengi ya Kijapani yanatiwa mirin au sake kidogo, zote pombe za mchele, ulizeni wakati wa kuweka oda, na kuweka oda mapema ni lazima. Pia wana mkahawa wenye dirisha kuelekea ziwani, wanauza latte iliyochorwa herufi ya Kisanskriti juu ya povu kulingana na mwaka wako wa kuzaliwa, bei inavumilika.

Mnaweza kulala hapo Kaikan. Ni ghali kuliko hosteli za mjini, ila mnaolala mnaruhusiwa kushuka alfajiri kwenye ibada ya asubuhi Konponchudo kabla wageni wa mchana hawajafika, na vyumba vinatazama ziwa. Kama ni safari ya fungate au mmejikusanyia akiba kwa ajili ya kitu kimoja kikubwa Japani, mimi ningeweka hela hapa kabla ya hoteli yoyote ya Kyoto.

Sasa ile nusu nyota. Mabasi ya kuzunguka kanda tatu ni machache, ukilikosa moja unasubiri, na mengi ya matangazo vituoni ni kwa Kijapani. Pigeni picha ratiba mkifika tu. Kuanzia Desemba mpaka baada ya katikati ya Machi hayaendi kabisa, na kebo ya upande wa Kyoto nayo inafungwa sehemu ya kipindi hicho, inabaki ile ya Sakamoto, kwa hiyo majira ya baridi mtaona Todo na Saito kwa miguu na Yokawa msahau. Theluji inakuwepo kweli kweli. Hata majira ya joto juu ni baridi kuliko mjini kwa nyuzi kadhaa, bebeni sweta. Mwezi wa Mei na Novemba mapema ndio nawashauri, katikati ya Novemba majani mekundu yanaleta watu wengi mno.

Kumbi zinafungwa saa kumi jioni, majira ya baridi ratiba inabadilika. Mnaotaka kanda zote tatu muwe juu ikifika saa tatu asubuhi, mkifika saa sita mchana mtaishia kukimbizana na muda na mtaniambia nimewadanganya. Kwa kiti cha magurudumu Todo kuna sehemu zinafikika, Saito hapana, ngazi ni nyingi mno. Watoto kuanzia miaka saba nane wanaweza, kengele na hadithi ya Benkei zitawabeba.

Mkirudi shukeni kwa kebo ya Sakamoto, sio njia mliyopandia kama mlitokea Kyoto. Mji wa Sakamoto ndiko watawa wazee walikuwa wanapewa nyumba za kupumzikia wakishachoka na baridi ya mlimani, na mitaa yake yote ina kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala kuchongwa sana, kazi ya mafundi wa Ano. Mafundi hao hao inaelezwa ndio Nobunaga aliwachukua kujenga ngome yake ya Azuchi, miaka michache tu baada ya kuuchoma mlima wao. Kuna mgahawa wa tambi za soba, Honke Tsuruki Soba, upo tangu 1716, jengo la mbao la kizamani, agizeni za baridi na mchuzi pembeni, na angalieni saa za kufunga kabla ya kupanda mlima maana huwa hawakai mpaka usiku.